Basi la Saa Tatu na Maji ya Siyu

Tangazo limebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya tiketi hapa Lamu, na jingine kama hilo liko ng'ambo, Mokowe, upande wa bara ambako mabasi huishia na abiria kupanda boti. Lina mistari mitano. Kuanzia mwezi ujao, basi linaloondoka Mombasa saa kumi na moja alfajiri litaondoka saa tatu asubuhi. Linalotoka Mokowe saa moja asubuhi litatoka saa kumi na moja alfajiri. Abiria wa Malindi hawatapandia tena ofisini katikati ya mji. Watasubiri kando ya barabara kuu. Abiria wa Mpeketoni watashukia njia panda. Mstari wa tano unaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaotokea.

Jina la kampuni naliacha, maana si hiyo tu inayopanga saa zake hivi, na mengi ya iliyoyaandika yana sababu. Ninachotaka ni kulipima tangazo hilo kwa safari ya mtu mmoja, tangu anapotoka Mombasa hadi anapofika mlangoni kwake. Mtu mwenyewe ni mama wa Siyu, kisiwani Pate, shangazi wa jirani yangu wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu. Amepita miaka sabini, goti lake la kulia halikunjiki vizuri, na kila baada ya miezi michache ana kliniki Mombasa. Husafiri na mjukuu wake wa kiume, kijana wa kidato cha nne ambaye ndiye anayebeba kikapu na kujibizana na makondakta. Nimemchagua yeye kwa sababu safari yake ina vipande vyote: lami, eskoti ya polisi, boti ya kuvuka, boti ya Pate, na mkono wa bahari unaoingia katikati ya mikoko. Abiria anayeishia Mokowe au hapa mjini hawezi kukuonyesha ratiba inavunjikia wapi.

Upande wa nchi kavu

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi, kutoka Malindi hadi Minjila karibu na Garsen ni zaidi ya 100, na kutoka Garsen kupita Witu hadi Mokowe ni kama 113. Basi lisilosumbuliwa na kitu huchukua saa saba. Kipande hiki cha mwisho ndicho kilichobadilika kuliko vyote. Kabla ya lami kuwekwa, miaka michache tu iliyopita, ilikuwa barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, na hakuna aliyethubutu kukutajia saa ya kufika. Ukiuliza, kondakta alikwambia "Inshallah", na alimaanisha neno lenyewe.

Lami ilitupa saa, lakini usalama unaendelea kuzishika. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, na yaliyofuata Gamba, Hindi na Witu, kwa miaka mingi mabasi yamekuwa yakikusanyika Gamba ili yaingie Lamu kwa eskoti ya polisi. Mabasi yalishambuliwa tena upande wa Nyongoro Januari 2020, wakati watu walikuwa wameanza kujisahau. Utaratibu wa eskoti umekuwa ukikazwa na kulegezwa kwa kadiri ya hali, ila jambo moja halijabadilika: hakuna dereva mwenye akili anayetaka kuwa kati ya Gamba na Hindi giza likiwa limeingia. Kisha kuna Mto Tana wenyewe. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024 yalifunika sehemu za barabara upande wa Gamba, na watu walikaa njiani wakitazama maji.

Kwa hiyo basi la alfajiri lilikuwa na akiba ambayo haikuandikwa kwenye tiketi. Likiondoka Mombasa saa kumi na moja, lilikuwa Gamba mnamo saa nne asubuhi. Tairi likipasuka Kilifi, au Mtwapa pakiwa pamefungana, bado lilikuwa na mchana mzima mbele yake. Basi la saa tatu litafika Gamba saa nane mchana mambo yakienda sawa. Likipoteza saa mbili, ni saa kumi. Likipoteza tatu, abiria watalala Gamba au Minjila, kwenye viti vyao. Ratiba mpya imepangwa kana kwamba safari itakwenda vizuri kila siku. Mimi husafiri njia hii na sijaizoea kwa wema kiasi hicho.

Hesabu ya kampuni

Lakini tumtendee haki mwenye basi. Kwa ratiba ya sasa, basi lake linafika Mokowe saa sita mchana na kulala pale hadi saa moja asubuhi ya kesho yake. Saa kumi na tisa gari la mamilioni limesimama juani likitazamwa na punda. Kulirudisha siku hiyohiyo kwa dereva yuleyule hawezi, kwa kuwa sheria ya trafiki ya Kenya hairuhusu dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa nane katika saa ishirini na nne, na saba zimeshaliwa. Kuweka dereva wa pili Mokowe ni mshahara mwingine na chumba kingine.

Ukiisogeza saa ya kuondoka Mombasa mbele na ya kuondoka Mokowe nyuma, basi linasimama saa kumi na tatu tu. Linarudi Mombasa saa sita mchana, linapigwa maji, linapewa dereva mwingine na kuingizwa njia ya Malindi jioni. Hapo pana faida ambayo haikuwepo. Tena abiria wa Lamu anayekwenda Nairobi anashuka Mombasa na muda wa kutosha kuifikia treni ya alasiri kule Miritini. Na aliyekuja kwa treni ya usiku, akashuka kabla ya alfajiri, hatalazimika tena kukimbizana na basi la saa kumi na moja. Atakunywa chai yake kwanza.

Kwa mtu wa Nairobi, basi, tangazo hili ni zuri. Kwa mtalii anayelala Shela ni zuri pia, maana hoteli yake itamtumia boti Mokowe hata akifika magharibi. Mfanyakazi wa serikali anayerudi Mokowe kwenye ofisi za kaunti hatapoteza chochote. Ukiwahesabu abiria wa basi moja kwa vichwa, huenda walio wengi wasione shida yoyote, na hilo ndilo lililomfanya meneja asiulize mtu. Tiketi za Mombasa–Mokowe zinafanana zote, na hakuna hata moja inayosema mwenyewe anatoka Siyu.

Maji

Wenyeji wanisamehe kwa kueleza wanachokijua. Tangazo linasomwa na wa bara pia.

Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika hamsini hivi kuliko jana yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa huku kwetu hufika mita tatu na ushei. Siku hizo maji hujaa kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, na vivyo hivyo alfajiri, na hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Juma moja baadaye huja maji mafu: yanajaa katikati ya asubuhi, yanajaa kwa unyonge na kupwa kwa unyonge. Halafu mzunguko unaanza upya. Hii ni ratiba ya zamani kuliko kampuni yoyote ya mabasi, na inachapishwa pia kwenye jedwali la maji, lakini manahodha wengi huisoma kwa tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Muulize leo ni mwezi ngapi, atakwambia boti inatoka saa ngapi.

Boti za Pate zinafuata ratiba hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni Mkanda, njia nyembamba ya maji kati ya Manda na bara, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na mafungu yaliyowalazimu manahodha kusubiri maji yajae ndipo wapite. Kuiongeza kina kulikuwa kilio cha watu wa Lamu Mashariki kwa muda mrefu. Lakini hata Mkanda ukiwa na kina cha kupitisha meli, sababu ya pili inabaki: Siyu haiko pwani iliyo wazi. Unaifikia kwa mkono wa bahari unaopinda katikati ya mikoko hadi karibu na ngome, na maji yakipwa mkono huo unakuwa tope. Faza nayo, maji yakitoka, utashuka mbali na kuvua viatu. Palipo na gati la uhakika ni Mtangawanda, na kutoka hapo kuna bodaboda za kukupeleka Pate au Siyu. Kijana atapanda. Mama mwenye goti lisilokunjika atapandishwa mara moja tu, na hatakubali mara ya pili.

Sasa weka saa za basi juu ya saa za maji.

Kwa ratiba ya sasa, mama yule anashuka Mokowe saa sita mchana. Boti ya kuvuka inajaza watu na mizigo, na kufikia saa saba au kabla yake yuko Lamu, gatini. Boti ya Siyu inataka kufika maji yakiwa yamejaa au yanakaribia kujaa, na mwendo wake ni kama saa mbili, kwa hiyo siku za bamvua inaondoka Lamu kati ya saa nane na saa tisa. Ana muda wa kuswali adhuhuri na kula wali wa kwa mpwa wake. Saa kumi na moja hivi yuko nyumbani, jua bado liko juu ya minazi. Hili linawezekana siku nne au tano katika kila nusu ya mwezi: kuanzia mwezi kumi na tatu hadi kumi na saba, na tena mwishoni mwa mwezi hadi mwandamo wa pili. Siku nyingine zote boti ama imeshaondoka asubuhi, ama itafika usiku, na inambidi alale Lamu.

Yeye mwenyewe analijua hilo muda mrefu. Kila anapopewa tarehe ya kliniki humwomba muuguzi aisogeze, ili siku ya kurudi iangukie mwezi mpevu au mwandamo. Muuguzi alishazoea. Mjukuu ananiambia kwamba kwenye kadi yake ya kliniki pana tarehe mbili kwa kila miadi, moja ya hospitali kwa kalamu ya bluu na nyingine ya mwezi kwa penseli.

Hakuna aliyelipangia basi la alfajiri likutane na bamvua. Ilitokea tu kwamba saa kumi na moja jumlisha saa saba za njiani ni saa sita, na saa sita ni wakati mwafaka kwa maji ya jioni. Lakini bahati ikidumu miaka, watu hupanga maisha juu yake.

Basi la saa tatu litamfikisha Mokowe saa kumi jioni. Lamu atafika saa kumi na moja kasorobo. Siku ya bamvua maji yatakuwa yamejaa na yanaanza kutoka. Boti ikiondoka saa hiyo itafika mlango wa mikoko karibu saa moja kasorobo usiku, magharibi imeshapita, maji yamekwisha kupwa kwa saa mbili. Hakuna nahodha atakayefanya hivyo na abiria. Ukisubiri siku tatu nne, maji ya jioni yatajaa saa moja au saa mbili usiku: giza. Ukisubiri wiki, yatajaa asubuhi, yeye akiwa bado Mombasa anapanda basi. Nimeizungusha hesabu hii mwezi mzima, tarehe kwa tarehe, na sikupata hata siku moja ambayo abiria wa basi la saa tatu atalala Siyu usiku huohuo.

Na ubaya hauishii kwenye kulala Lamu. Aliyelala Lamu siku ya bamvua hapati boti ya asubuhi ya kumfikisha Siyu, kwa kuwa maji yanatoka tangu alfajiri hadi saa nne. Atangoja yale ya jioni. Kwa hiyo anaondoka Lamu saa nane au tisa mchana wa siku ya pili na kufika kwake saa kumi na moja. Basi limechelewa kuondoka kwa saa nne. Mama amechelewa kufika kwa saa ishirini na nne.

Kwake yeye usiku wa Lamu hauna gharama, yuko kwa ndugu. Mtu wa Kizingitini au Tchundwa, hukohuko Pate, asiye na ndugu mjini atalipa chumba, chakula cha jioni, chai, na chakula cha mchana, na akiwa na mgonjwa ni mara mbili. Wengi watalala gatini kwenye mizigo yao, kama ilivyokuwa zamani.

Saa kumi na moja alfajiri, Mokowe

Mstari wa pili wa tangazo ndio unaonikera zaidi, ijapokuwa ni mfupi kuliko wote.

Jua la Lamu huchomoza karibu saa kumi na mbili na robo, mapema au baadaye kidogo kulingana na msimu. Basi la saa kumi na moja linamtaka abiria awe Mokowe saa kumi na nusu. Ili awe Mokowe saa kumi na nusu, awe ndani ya boti saa kumi. Ili awe ndani ya boti saa kumi, awe ameamka saa tisa usiku na kupita vichochoro vya Langoni hadi gatini na kikapu. Hapa nazungumzia kuvuka bahari gizani, na wazee na watoto wachanga, katika boti ambazo baadhi yake hazina hata taa ya maana. Msimu wa kaskazi huenda ikawa shwari. Msimu wa kusi, kuanzia Mei hadi Septemba, mkondo huo hupata mawimbi ya kutosha kuwalowesha watu mchana kweupe. Maboya ya kuvaa yapo kwenye boti nyingi siku hizi, lakini saa kumi usiku ni nani atakayemkagua nahodha?

Kuna la pili. Basi likiondoka saa kumi na moja, kipande cha Hindi kwenda Witu kitaanza kupitwa gizani. Ni kipande kilekile nilichokitaja hapo juu. Meneja anaweza kuwa na jibu. Pengine amezungumza na wahusika wa usalama na kuruhusiwa. Tangazo halisemi, nalo lilipaswa kusema, maana hilo ndilo swali la kwanza la kila mtu aliyeishi hapa mwaka 2014.

Na mgonjwa anapata nini kwa kuamka saa tisa usiku? Anafika Mombasa saa sita mchana badala ya saa nane. Kliniki yake ni ya asubuhi. Akifika saa sita au saa nane, atalala Mombasa na kwenda hospitali kesho yake. Saa mbili alizonyang'anywa usingizini hazimfikishi popote. Zinakwenda kwa abiria wa treni na kwa njia ya Malindi ya jioni.

Wafanyabiashara wa kamba koche nao wamo. Mzigo wa Kizingitini unafika Lamu kwa maji, unalala kwenye barafu, na asubuhi unavushwa Mokowe kupakiwa basi. Sasa utavushwa usiku, na wachukuzi wa usiku wana bei yao. Pembeni niseme tu kwamba miraa haijawahi kupata tatizo la ratiba. Magari yake yanakimbia kana kwamba yanafukuzwa, boti yake inasubiri ikiwa imewashwa, na katika maisha yangu sijasikia miraa imelala Gamba. Anayetaka kujua kama bara na visiwa vinaweza kuunganishwa kwa dakika, atazame miraa inavyosafiri, akishamaliza kuilaumu.

Malindi na Mpeketoni

Haya mawili ni madogo zaidi. Abiria wa Malindi atalipia tuktuk hadi barabara kuu na kusubiri kwenye jua badala ya kukaa kwenye kiti cha ofisi. Basi, kwa upande wake, litaepuka kuingia mjini na kutoka, na kila aliyewahi kukaa ndani yake likihangaika kugeuza karibu na soko anajua muda unaopotea pale. Naona kampuni ina haki, ilimradi ijenge kivuli na kuweka mtu wa kupokea mizigo. Bila mtu huyo, vifurushi vitaanza kupotea wiki ya kwanza.

Mpeketoni, waliozoea kushushiwa mjini watachukua bodaboda kutoka njia panda. Vijana wa bodaboda wamefurahi. Mwenye magunia hakufurahi. Ratiba mpya inalifikisha basi njia panda hiyo alasiri, au jioni likichelewa, na nisingependa mwanangu wa kike ashushwe hapo saa hizo pakiwa hapana hata kibanda.

Yaliyozungumzwa

Mama yule alikwenda ofisini mwenyewe, na mjukuu, na wanawake wengine wa Siyu waliokuwa mjini kwa ajili ya harusi. Nilikuwepo kwa shughuli zangu. Karani ni kijana wa hapahapa, ana adabu.

"Mwanangu," mama alimwambia, "hili basi la saa tatu lanifikisha Mokowe jioni. Nende Siyu na nini?"

"Bi mkubwa, mimi nauza tiketi tu. Saa naletewa kutoka Mombasa."

"Na huyo wa Mombasa aijua Siyu?"

Karani alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Akachukua daftari. Akaandika, na akatuomba tuandike barua, maana maneno ya daftari, alisema, hayavuki Mtwapa.

Mtu mmoja pale ofisini alitoa hoja ambayo wengi wataitoa: mabasi mengine yapo, mama apande jingine. Ni kweli yapo. Lakini hili lilikuwa la mapema kuliko yote kwa mchana. Linalofuata linaondoka Mombasa saa moja asubuhi na kufika Mokowe saa nane. Lamu utafika saa tisa kasorobo. Kwa basi hilo zile siku nne au tano zinabaki mbili, mwandamo wenyewe na kesho yake, au mwezi kumi na tano na kumi na sita, na hapo nahodha awe amekubali kukungoja. Mabasi ya usiku yapo pia, lakini mwenye goti lile akikaa usiku kucha kwenye kiti, kliniki inayofuata itakuwa ya kesho yake.

Barua imeandikwa. Haiombi basi lifuate mwezi kila siku; hilo haliwezekani na meneja angelichekea. Inaomba mambo matatu, na niliyaunga mkono kwa uzito tofauti.

La kwanza, basi la Mokowe liondoke saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa kumi na moja. Kwa hilo sina shaka hata chembe. Kampuni itapoteza saa moja. Litafika Mombasa saa saba, treni ya alasiri bado itafikiwa na njia ya Malindi ya jioni pia, na watu watavuka karibu na kupambazuka.

La pili, siku za bamvua basi la Mombasa libaki kwenye saa yake ya zamani. Ni siku nane hadi kumi kwa mwezi, zinajulikana mwaka mzima kabla, na zinaweza kuchapishwa kwenye karatasi moja na kubandikwa Mombasa, Malindi, Mokowe na Lamu. Hili ni gumu zaidi. Ratiba yenye saa mbili tofauti huwachanganya wageni, na dereva atalalamika. Lakini mabasi hubadilisha saa zao wakati wa Ramadhani, na tunapofika msimu wa Maulidi ya Lamu huongezwa magari hadi viti vya katikati vinajaa watoto, na hakuna anayesema haiwezekani. Nadhani kampuni itakataa, na nadhani itakosea.

La tatu, tangazo litaje saa ya kufika Mokowe. Hivi lilivyo linataja saa za kuondoka tu, na abiria wa visiwa hana haja na saa ya kuondoka peke yake. Manahodha wa Pate wakijua basi linafika saa ngapi, na wakipigiwa simu kutoka Witu kwamba kuna abiria wanne wa Siyu ndani, watapanga. Kupiga simu hiyo hakumgharimu kondakta chochote. Wengine walikuwa wakifanya hivyo kwa hiari yao, na kwa hisani hiyo tu wazee wengi wamefika makwao.

Meneja anatarajiwa Mokowe mwishoni mwa wiki. Karani anadhani la kwanza na la tatu yatapita. Wakati huohuo mjukuu ameshapiga simu hospitali kuomba miadi ijayo isogezwe kwa siku mbili, ili siku ya kurudi iwe mwezi kumi na tano, na amekata tiketi mbili za basi la saa moja, kampuni nyingine, viti vya mbele upande wa mlango. Nahodha wa Siyu amekubali kungoja hadi saa tisa kamili. Nauli ya basi la saa tatu, kwa anayeuliza, haijapunguzwa.